Stima ya Jirani, Maji ya Nani?

Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu asubuhi ikikaribia, stima ilipotea sehemu kubwa ya Kenya. Hilo tumelizoea. Kilichowashtua wengi ni maelezo yaliyofuata. Kenya Power, kampuni inayosambaza stima nchini, ilisema laini ya Loiyangalani, iliyokuwa imebeba megawati 288 za umeme wa upepo, ilijikata katika kituo cha Suswa, na mara laini ya Ethiopia iliyokuwa ikileta megawati 200 nayo ikaachia. Nairobi ikabaki inaulizana: tangu lini stima ya Umoja na Rongai ikatoka Ethiopia?

Tangu Novemba 2022. Na kabla ya Ethiopia kulikuwa na Uganda, ambayo Nairobi ilianza kununua umeme wake miaka ya 1950, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Lakini kwa sababu habari hizi hutufikia gizani, huja zimechanganyika na uvumi. Utasikia kwenye matatu kwamba Waethiopia wametuzimia. Utasikia kwamba umeme huo unatoka lile bwawa la Nile linalowakosesha Wamisri usingizi. Utasikia pia kwamba Uganda imeshika ufunguo wa Ziwa Victoria na inaweza kulikausha ikitaka. Kila moja ya kauli hizo ina chembe ya ukweli iliyozungukwa na mengi yasiyo kweli.

Maneno machache kwanza

Gridi ni mtandao mzima wa nyaya, vituo na mitambo unaomuunganisha anayezalisha umeme na anayeutumia. Megawati ni kipimo cha nguvu inayopita kwa wakati fulani. Kenya nzima, jioni watu wakiwa wamerudi nyumbani, taa zinawaka na shawa za stima zinachemsha, huhitaji zaidi ya megawati 2,300. Kwa hiyo zile 200 za Ethiopia ni karibu sehemu moja ya kumi. Si kidogo, ila si kwamba tunaishi kwa hisani ya Addis Ababa.

Nchi ya juu ni ile ambako mto unaanzia au unapita kwanza. Nchi ya chini hupokea kinachobaki. Fikiria ploti ya Kayole yenye bomba moja la maji linalopita mlango hadi mlango. Wa mlango wa kwanza akifungulia siku ya kufua, wa mwisho anafungua mfereji anapata hewa. Wa kwanza hajaiba kitu, bomba linapita kwake. Wa mwisho naye ana haki ya kudai siku za kufua zipangwe. Diplomasia ya maji ni kikao cha wapangaji hao, ila hapa hakuna landilodi wala keateka wa kukata shauri.

Tofautisha pia kusaini na kuridhia. Waziri anaposaini mkataba, nchi imesema inakubaliana nao. Mpaka iuridhie kwa taratibu zake za kisheria, mkataba huo haujaifunga. Tutaona kwamba Kenya ni hodari wa la kwanza.

Na jambo la mwisho kabla hatujaingia kwenye historia, ambalo kwangu ndilo linalofungua mengine yote: Kenya iko kwenye milango miwili kwa wakati mmoja. Katika maji ya Nile ni nchi ya juu, kwa kuwa Nzoia, Yala, Nyando, Sondu Miriu na Mara humwaga maji Ziwa Victoria, na ziwa humwaga Nile. Katika maji ya Mto Omo ni nchi ya chini, kwa kuwa Omo unatoka Ethiopia na kuishia Ziwa Turkana. Anayesimama sehemu mbili hivyo huchagua maneno yake kwa uangalifu. Mara nyingi huchagua kunyamaza.

Jinja, Cairo na Barabara ya Juja

Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza, ikizungumza kwa niaba ya makoloni yake, ilibadilishana barua na Misri. Kiini chake: hakuna ujenzi wa umwagiliaji au wa umeme utakaofanywa kwenye Nile, matawi yake au maziwa yake, katika maeneo yaliyo chini ya Mwingereza, ikiwa utapunguza au kuchelewesha maji ya Misri, bila Misri kukubali. Mluhya wa kando ya Nzoia hakuulizwa. Hapa ndipo ilipozaliwa dhana, inayorudiwa mpaka leo, kwamba Kenya hairuhusiwi kugusa maji ya Ziwa Victoria.

Miaka 20 baadaye Uganda ilitaka bwawa la umeme Jinja, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Kwa makubaliano yale, ilibidi Cairo ikubali. Ilikubali kwa masharti: Misri ikachangia gharama ili bwawa liinuliwe mita moja zaidi, ziwa lenyewe liwe ghala la maji yake, na mhandisi wa Misri akae Jinja kuangalia yanatoka maji kiasi gani. Malkia Elizabeth alilifungua bwawa la Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954. Leo linaitwa Nalubaale.

Uganda wakati huo haikuwa na matumizi ya kuumaliza umeme ule wote, na Nairobi ilikuwa inakua. Mwaka 1954 ikaundwa kampuni maalumu ya kuuleta umeme huo kwa laini kutoka Tororo hadi kituo cha Barabara ya Juja, Nairobi, na mwaka 1955 ukawekwa mkataba wa mauzo wa miaka 50. Kituo kile bado kipo, nyaya zake zinaonekana vizuri ukiwa njiani kwenda Kariobangi. Kampuni iliyoanzishwa kwa kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa KenGen mwaka 1998. Kwa maneno mengine, kampuni kubwa zaidi ya kuzalisha umeme Kenya ilianza maisha ikiwa mletaji wa umeme wa jirani.

Uhuru ulipokuja, Julius Nyerere alikataa kurithi mikataba ya mkoloni bila kuikagua. Mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Mikataba ya zamani ilipewa muda wa miaka miwili tangu uhuru. Ambao hautakuwa umejadiliwa upya ungekufa wenyewe. Kenya na Uganda zilifuata msimamo wa namna hiyo. Misri haikukubali, na Misri na Sudan zilikuwa tayari zimegawana maji yote kati yao mwaka 1959: bilioni 55.5 za mita za ujazo kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Ethiopia, ambako hutoka zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Nile yanayofika Misri, haikutajwa hata kwa kijiko.

Kwa hiyo, je, Kenya imekatazwa kutumia maji yanayoingia Ziwa Victoria? Hapana. Kituo cha Sondu Miriu kiko pale Kisumu kinazalisha umeme kwa maji hayo. Kinachotakiwa na sheria ya kimataifa ya sasa ni matumizi ya haki na yasiyomuumiza mwenzako pakubwa, pamoja na kumwarifu kabla ya kuanza ujenzi. Kikwazo kikubwa cha miradi ya maji kwa miaka mingi kilikuwa pesa: wakopeshaji wakubwa hawapendi kugharamia mradi ambao nchi ya chini inaupinga.

Uganda na ufunguo wa ziwa

Bwawa la Jinja lilizamisha maporomoko ya Ripon, ambayo yalikuwa mlango wa asili wa ziwa. Zamani ziwa likipanda, maji yaliyoruka mwamba ule yaliongezeka, likishuka, yalipungua. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba mlango wa zege uige mlango wa jiwe: kwa kila kimo cha ziwa, kuna kiasi maalumu cha maji cha kutoa. Wahandisi huuita mkondo wa makubaliano. Ni kanuni, ni mchoro kwenye karatasi, na ndiyo kinga kubwa ya watu wa Kisumu na Mwanza.

Kanuni hiyo ilivunjwa. Mwaka 2000 Uganda ilifungua kituo cha pili kando ya kile cha kwanza, Kiira, chenye kiu ya maji zaidi. Kati ya 2003 na 2006 ukame ulikuja, mahitaji ya umeme Kampala yakapanda, na maji yakafunguliwa kupita kiasi kilichoruhusiwa. Ziwa lilishuka zaidi ya mita moja. Gati zikabaki juu, na mabomba ya kuvutia maji yakahitaji kusogezwa mbele. Ukame ulichangia, na mitambo ilichangia. Aliyesema ni mvua tu na aliyesema ni Uganda tu, wote walisema nusu.

Utaratibu ulirudi polepole, kwa shinikizo la majirani na kwa sababu Uganda yenyewe ilipata bwawa jingine chini kidogo, Bujagali, mwaka 2012, linalotumia maji yale yale kwa mara ya pili. Halafu mwaka 2020 mambo yakageuka: ziwa lilipanda hadi kimo ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1960, na watu wa Budalang'i, Nyando na Homa Bay wakahama. Wapo waliolaumu Jinja kwa kufunga mlango. Mvua za miezi mingi mfululizo ndizo zilizolijaza, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria hudondoka moja kwa moja juu yake. Mlango ule unaweza kuongeza au kupunguza kidogo, hauamrishi mawingu.

Kinachonipendeza katika kisa hiki ni kwamba umeme ulidumu kuliko siasa. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu za Kenya ni za Uganda, na mwaka uo huo Nairobi iliibana Kampala kwa mafuta yanayopita Mombasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, wakagawana ndege na mabehewa. Laini ya Tororo ilibaki. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa 1999, moja ya matunda yake ilikuwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu. Si chombo chenye meno makali, lakini kina anwani na kina simu, mambo ambayo, kama tutakavyoona, Turkana haina.

Mafuta nayo yana diplomasia yake, na humo Kenya haijashinda kila mara. Mwaka 2016 Uganda ilichagua kupitisha bomba lake la mafuta ghafi Tanga badala ya Lamu. Mwishoni mwa 2023 ilitushtaki kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha, ikidai Kenya imeizuilia leseni ya kuagiza mafuta yake yenyewe. Ilimalizwa kwa mazungumzo mwaka uliofuata.

Umeme wa Ethiopia unatoka wapi?

Sasa tupande kaskazini. Laini ya Ethiopia inaanzia Wolayta Sodo, kusini mwa nchi hiyo, na kuishia Suswa, ukipita Mai Mahiu kuelekea Narok. Ni kilomita 1,045, ina uwezo wa kubeba megawati 2,000, na inatumia umeme wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, wa kilovolti 500. Mkondo mnyoofu hupoteza kidogo safarini, na pia huziacha gridi mbili kila moja iende na mapigo yake. Laini ya Uganda, na ile ya Isinya hadi Singida iliyotuunganisha na Tanzania Desemba 2024, ni za mkondo geu, unaogeuka mwelekeo kwa mapigo, ambao hulazimisha gridi zote kupiga kwa pamoja, mara 50 kwa sekunde. Ajali ikitokea upande mmoja, upande wa pili huisikia.

Hilo linajibu uvumi wa kuzimiwa. Ile Septemba 2024 tatizo lilianzia laini ya Loiyangalani, iliyo ndani ya Kenya. Megawati 288 zilipotoweka kwa mpigo, na 200 zikafuata, mapigo ya gridi yalishuka na mitambo mingine ikajitoa ili isiungue. Ndivyo ilivyoundwa. Hakuna aliyebonyeza swichi Addis Ababa. Ethiopia inahitaji dola zetu, na mkataba wa miaka 25 unaoilipa senti 6.5 za dola kwa uniti si kitu cha kuchezea kwa hasira za siku moja.

Na GERD, lile bwawa la Nile linalotajwa kwenye matatu? Bwawa hilo la megawati 5,150, lililozinduliwa tarehe 9 Septemba 2025, liko kaskazini-magharibi karibu na Sudan, kwenye Nile ya Buluu. Wolayta Sodo ni jirani wa bwawa jingine, Gibe III, lenye megawati 1,870, lililojengwa juu ya Mto Omo na kuzinduliwa Desemba 2016. Umeme ukishaingia kwenye gridi haubebi jina la bwawa, kwa hiyo huwezi kuapa kwamba taa yako haina hata chembe ya Nile ndani yake. Lakini mradi uliojengwa ukiwa na soko la Kenya akilini ni wa Omo. Tunagombana mitandaoni kuhusu Misri na Ethiopia kana kwamba tunatazama mechi ya watu wengine, wakati mto tunaouchoma kila jioni ni ule unaolisha ziwa letu.

Ziwa Turkana hupata zaidi ya asilimia 80 ya maji yake kutoka Omo. Halina mlango wa kutokea. Kinachoingia ama kinabaki ama kinakwenda na jua. Kenya ilisaini makubaliano ya awali ya kununua umeme mwaka 2006, mwaka ule ule ujenzi wa Gibe III ulipoanza. Aliyepiga kelele hakuwa mwanadiplomasia. Alikuwa Ikal Angelei, mwanzilishi wa Friends of Lake Turkana, na kwa msukumo wa watu kama yeye Bunge la Kenya lilipitisha azimio mwaka 2011 likitaka athari za bwawa zichunguzwe kwanza na wataalamu huru. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka huo huo Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa laini ya Suswa. Bwawa lenyewe ilikwepa kulikopesha.

Bwawa lilipojazwa, ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja, na Juni 2018 UNESCO ikaziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha mvua zikaja, ziwa likapanda pamoja na Baringo na Naivasha, likameza nyumba na barabara. Wapo wanaosema basi wanaharakati walikuwa wakilia bure. Sikubaliani nao. Kimo cha ziwa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mafuriko ya msimu: Omo ulikuwa ukifurika kila mwaka, ukibeba tope na chakula, na samaki wakizaa kwa saa hiyo. Bwawa husawazisha mto mwaka mzima, kwa kuwa mtambo unapenda maji ya kiasi kimoja. Ziwa linaweza kuwa limejaa huku msimu wake ukiwa umevurugika.

Kwa nini Nairobi haijadai mkataba wa maji ya Omo? Rudi kwenye milango miwili. Mwaka 2010 Kenya ilisaini Mkataba wa Entebbe, unaosema nchi zote za Nile zina haki ya matumizi ya haki, bila kura ya turufu ya Cairo. Ulipoanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024, waliouridhia walikuwa Ethiopia, Rwanda, Uganda, Tanzania, Burundi na Sudan Kusini. Kenya haikuwamo. Ikiuridhia, inaikwaza Misri, ambayo ni mnunuzi mkubwa wa chai yetu. Ikidai haki za nchi ya chini huko Turkana, inatumia hoja zile zile ambazo Misri huitumia Ethiopia, ambayo ni rafiki wa siku nyingi na muuzaji wa umeme nafuu. Kila upande wa kauli una gharama, na wavuvi wa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, hawana ubalozi.

Ukitaka kuona pengo hilo kwa macho, tazama mchanganuo wa bili yako ya stima. Kuna mstari wa mafuta, kuna wa mabadiliko ya bei ya dola, na chini kuna tozo ndogo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tozo hiyo inahusu umeme wa mabwawa ya humu nchini. Omo unakufikia kwenye mstari wa dola, basi.

Tanzania nayo imejiunga na safari hii. Mwaka 2025 serikali yake ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia gridi ya Kenya, na watu wakashangaa: si wana Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115? Wanalo, lakini liko Rufiji, na umeme unaosafirishwa hadi Arusha na Kilimanjaro unapotea mwingi njiani. Kununua karibu na mlaji kunaweza kuwa nafuu kuliko kusafirisha chako. Biashara hiyo ikikamilika, Kenya italipwa ushuru wa njia, na mahitaji juu ya maji ya Omo yatakuwa ya nchi mbili.

Mkataba wa Kenya na Ethiopia uliweka megawati 200 kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha unaruhusu kupanda hadi 400. Miaka hiyo mitatu iliisha Novemba 2025. Hapo ndipo pa kuingiza kifungu kinachosema Gibe III itafungulia mafuriko ya msimu tarehe zipi, kiasi gani, na nani Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ataarifiwa kabla. Kifungu hicho kitakuwa na bei, kwa sababu maji mengi yanayofunguliwa kwa mkupuo ili samaki wazae yanaweza kupita kando ya mtambo, yasigeuke umeme. Ethiopia ina haki ya kudai ifidiwe. Turkana haina cha kuilipa. Nairobi, inayonunua, inacho.